Mgonjwa na Jamaa Zake: Khabari ya Wanaoishi na Virusi vya Ukimwi



Katika wilaya ya Ngorongoro, mkoa wa Arusha, upande wa kaskazini ulio karibu na mpaka wa Kenya, iko kata iitwayo Enguserosambu. Ni nchi ya milima na msitu, na wengi wa wenyeji wake ni Wamasai wafugao ng'ombe, mbuzi na kondoo. Kutoka huko mpaka mjini Arusha ni safari ya zaidi ya kilomita 300, na kimbilio lao kubwa la matibabu ni hospitali ya Wasso.

Twaanza na mahali hapa kwa makusudi. Mtu akipatwa na homa ya siku mbili tatu katika nchi kama hiyo, jirani humshika mkono, akapona, na mambo yakaisha. Lakini mtu aambiwapo kwamba anavyo virusi vya Ukimwi, huwa amepewa jambo la umri mzima. Atameza dawa kila siku iendayo kwa Mungu, atakwenda kliniki mwaka hata mwaka, na mifugo ikihamia malisho ya mbali yampasa dawa zake zihame pamoja naye. Safari kama hiyo haifungwi na mtu mmoja. Basi atokapo mlangoni kwa tabibu, swali la kwanza limjialo moyoni si la dawa. Ni hili: "Nimwambie nani?"

Swali hilo ndilo tulilokusudia kulieleza, kwa kuwa halimhusu mtu wa Enguserosambu peke yake. Liko Karatu na Tanga, liko Unguja na Mombasa. Uchunguzi uliofanywa Tanzania katika miaka ya 2022 na 2023 ulionyesha kuwa katika kila watu wazima 1,000, kama 44 wanavyo virusi hivi. Huenda basi, ewe msomaji, swali hilo limo ndani ya nyumba yako wala hujalijua.

KHOFU YA SIKU ZA KWANZA

Wagonjwa wa kwanza wa Tanzania walijulikana mwaka 1983 katika mkoa wa Kagera. Watu hawakujua ni maradhi gani. Wakayaita "Juliana", kwa jina la nguo za magendo zilizokuwa zikivushwa kutoka Uganda. Na wenzetu wa Uganda wakayaita "Slim" kwa jinsi yalivyomkondesha mtu. Dawa haikuwapo. Khofu ikaingia majumbani, na wako wagonjwa waliotengewa sahani na kikombe, wako waliokimbiwa na wake zao au waume zao, na wako waliozikwa kwa haraka kana kwamba maiti yao ni ya adui.

Katika giza hilo walitokea watu walioona kwamba kukosekana kwa dawa si sababu ya kukosekana kwa huruma. Mwaka 1987, huko Uganda, bibi mmoja aitwaye Noerine Kaleeba alifiwa na mumewe kwa maradhi haya. Mwaka ule ule yeye na wenzake, ambao baadhi yao walikuwa wagonjwa wenyewe, waliunda chama kiitwacho TASO. Mwaka 1989 Theresa Kaijage na wenzake wakaunda WAMATA katika Dar es Salaam. Na mwaka huo huo wa 1989 mwimbaji wa Uganda, Philly Lutaaya, alijitokeza mbele ya watu akasema wazi kwamba anao ugonjwa huu, akaenda akiwahadharisha vijana mpaka alipofariki mwezi wa Desemba.

Waislamu nao hawakuketi kitako. Chama cha Matabibu Waislamu wa Uganda kiliundwa mwaka 1988, na mwaka 1992 kikaanza kazi ya kuwafundisha maimamu, pamoja na wanaume kwa wanawake waliojitolea, ili waende nyumba kwa nyumba kuwaelimisha watu na kuwatazama wagonjwa. Kazi hiyo ilisifiwa hata Shirika la Umoja wa Mataifa la kupambana na Ukimwi likaitolea kitabu mwaka 1998 ili mataifa mengine yaige.

Zingatia, ndugu msomaji: watu hao wa mwanzo hawakuwa na kidonge hata kimoja cha kukizuia kirusi. Walichokuwa nacho ni mikono na masikio. Waliketi na mgonjwa, walimpikia, walimfulia, walimsikiliza, wakafikiri pamoja naye habari ya watoto atakaowaacha. Huo ndio mwanzo wa msaada tunaousema.

DAWA IMEFIKA, KHOFU IMEBAKI

Leo mambo yamebadilika. Tangu mwaka 2004 Serikali ya Tanzania imekuwa ikitoa bure dawa za kufubaza virusi, na tangu mwaka 2016 kila aonekanaye na virusi huanzishiwa dawa bila ya kungoja adhoofike. Dawa hizi haziviondoi virusi mwilini, huvifunga visizaliane. Mtu akizimeza sawasawa, virusi hupungua katika damu hata mashine isivione, na matabibu wamehakikisha kwamba aliyefikia hapo na akaendelea na dawa hamwambukizi mwenzake kwa tendo la ndoa. Mama mjamzito asiyetibiwa, khatari ya kumwambukiza mtoto wake ni kati ya 15 na 45 katika kila 100. Lakini akitibiwa ipasavyo khatari hushuka chini ya 5. Wako leo mababu na mabibi wanaocheza na wajukuu, na virusi wanavyo tangu ujana wao.

Wala virusi hivi havipiti kwa kula sahani moja, kupeana mikono, kuvaa nguo ya mwenzio, kutawadha kwa birika moja, au kusimama safu moja katika sala. Jambo hili limesemwa miaka mingi, na bado wako wanaotenga kikombe.

Basi ikiwa dawa ipo, na ni ya bure, kwa nini wangali wanakufa watu? Jawabu moja kubwa ni kwamba dawa humezwa na mtu, na mtu huishi na watu. Mwanamke anayeficha vidonge vyake ndani ya debe la unga ili mume asivione, siku ambayo mume anashinda nyumbani hatavimeza. Kijana akaaye bwenini akiogopa kuchekwa, atavitupa. Mchunga ng'ombe asiye na wa kumwambia, ataacha siku ya kliniki ipite kwa kuwa hana la kumjibu baba yake atakapomwuliza, "Waenda wapi?"

Wataalamu wamelichungua jambo hili katika nchi zetu. Mwaka 2009 ulitolewa uchunguzi uliofanywa katika Dar es Salaam, Mbarara ya Uganda na Jos ya Nigeria, wakasailiwa watu zaidi ya 250: wagonjwa, wasaidizi wao na watumishi wa matibabu. Ilitakiwa kujulikana kwa nini maskini wa nchi hizi hujitahidi sana kumeza dawa juu ya njaa na umbali wa kliniki. Ikaonekana kwamba mgonjwa huomba nauli kwa ndugu, hukopa kwa jirani, hupewa chakula na rafiki. Na hao waliomsaidia hutarajia kumwona akipata nafuu. Naye huona kuacha dawa ni kuwavunja moyo na kuutupa wema wao, na kesho hatakuwa na uso wa kuwaendea tena. Basi deni la wema humshika mkono kila siku saa ya dawa inapofika.

Tazama na mfano mwingine. Huko Kenya, katika kliniki tatu, mojawapo ikiwa ya Kajiado katika nchi ya Wamasai, wagonjwa 538 waligawanywa mafungu mawili. Fungu moja walitumiwa kila wiki ujumbe mfupi wa simu wenye neno moja tu: "Mambo?" Nao wakitakiwa kujibu "Sawa" au "Shida". Aliyesema ana shida, au aliyenyamaza, alipigiwa simu na mwuguzi. Matokeo yalitolewa mwaka 2010: katika wale waliotumiwa salamu, 62 katika kila 100 walimeza dawa zao ipasavyo, katika wale wasiotumiwa, walikuwa 50. Ikiwa neno moja la kumjulia mtu hali kwa wiki linaleta tofauti hiyo, je, mlango wa jirani unaogongwa kila siku utaleta nini?

FUNZO LA SAMUNGE

Katika wilaya hiyo hiyo ya Ngorongoro iko Samunge, kijiji kilichojulikana ulimwenguni mwaka 2011. Mchungaji mstaafu wa kanisa la Kilutheri, Ambilikile Mwasapile, ambaye watu walimwita Babu, alikuwa akinywesha watu kikombe cha dawa ya mti uitwao mugariga kwa shilingi 500, akisema kwamba ameoteshwa na Mungu na kwamba dawa hiyo yaponya Ukimwi, kisukari na maradhi mengine sugu. Watu wakamiminika kutoka pande zote za Afrika ya Mashariki na mbali zaidi, Wakristo na Waislamu, matajiri na maskini. Magari yalipanga safu kilomita nyingi, na wako wagonjwa waliofia njiani wakingoja zamu yao. Na jambo la kusikitisha zaidi, wako waliokuwa wakitumia dawa za hospitali wakaziacha, wakidhani wamekwisha pona. Hapakupatikana uthibitisho wa kitabibu kwamba kikombe kile kiliponya Ukimwi. Mzee mwenyewe alifariki tarehe 30 Julai 2021.

Hatuyasemi haya ili kumteta aliyekwisha kufa. Twataka kuuliza: watu wale walifuata nini? Hapana shaka walifuata uponyaji. Lakini twadhani lilikuwapo na jingine. Katika safu ile ya Samunge hakuna aliyemwuliza mwenziwe, "Wewe una nini?" Mwenye kisukari na mwenye virusi walikunywa kikombe kimoja, wakalala chini ya mti mmoja, wakagawana mkate. Yule ambaye nyumbani kwake alificha vidonge, pale aliketi katikati ya watu bila ya haya. Hiyo ndiyo njaa aliyokwenda nayo, na njaa hiyo sisi twaweza kuishibisha hapa hapa nyumbani, pasipo kumwachisha dawa yake. Dini yetu imetufundisha kwamba Mwenyezi Mungu hakuteremsha maradhi ila ameyateremshia dawa, na kwamba kutegemea kwa Mungu hakuondoi kufunga kamba ya ngamia. Mgonjwa aombewe dua, tena asomewe. Lakini kidonge chake asikiache.

JINSI YA KUTAFUTA MSAADA

Sasa twasema na wewe uliye na jambo hili, popote ulipo.

Kwanza, usiwaambie watu wote, wala usimfiche kila mtu. Mchague mmoja. Mtafute yule ambaye ulipata kumwamini siri nyingine, ndogo, naye akaihifadhi. Huenda akawa mama, dada, shangazi, au rafiki wa rika lako. Wako wagonjwa wengi waliomwambia kwanza mtu asiyekuwa wa nyumbani, kisha huyo akawasaidia kuwaambia wa nyumbani.

Pili, mume au mke ana haki ya kujua. Sheria ya Tanzania ya mwaka 2008 ihusuyo Ukimwi yamtaka aliyejijua amwambie mwenzi wake. Na sheria hiyo hiyo yakataza kumbagua mgonjwa na yailinda siri ya majibu yake. Mara nyingi mwanamke ndiye atanguliaye kujua, kwa kuwa hupimwa anapochukua mimba. Kisha huambiwa yeye ndiye aliyeuleta. Hayo ni maneno ya dhuluma: atanguliaye kupimwa si lazima awe ndiye aliyetangulia kuugua. Akiogopa kupigwa au kufukuzwa, amwombe mshauri wa kliniki awaite wote wawili, wapimwe na kuelezwa pamoja.

Tatu, jiunge na wenzio. Baraza la Taifa la Watu Wanaoishi na VVU lina matawi ya wilaya yaitwayo konga, na viko vikundi vidogo vya kuweka na kukopa. Humo mtu hujifunza kwa aliyekwisha pita: namna ya kujibu maswali, namna ya kula, namna ya kubeba dawa safarini.

Nne, waeleze watumishi wa kliniki maisha yako yalivyo. Mgonjwa ambaye hali yake imetulia aweza kupewa dawa za miezi mitatu au hata sita kwa pamoja, na hili ni faraja kubwa kwa mfugaji anayehama na kwa mwenye safari ndefu. Lakini asiposema, watajuaje? Na kikohozi kisichokwisha asikidharau, kwani kifua kikuu ndicho kiuacho wengi wa wenye virusi.

WAJIBU WA JAMAA NA MAJIRANI

Wamasai wana ada njema iitwayo ewoloto. Mtu wa ukoo akifilisika mifugo kwa ukame au maradhi, jamaa zake humchangia wanyama hata asimame tena. Hapana anayesema, "Mwache, ni kosa lake." Sisi Waislamu nasi tumeamrishwa zaka na sadaka, na kumzuru mgonjwa kumehesabiwa miongoni mwa haki za Mwislamu juu ya Mwislamu. Basi mtaji wa msaada tunao. La kufanya ni kuutumia pale penye haja.

Nauli ya kwenda Wasso ni msaada. Kumchungia mtu ng'ombe siku ya kliniki ni msaada. Sahani ya chakula ni msaada, kwa kuwa kumeza dawa na tumbo tupu siku baada ya siku humvunja mtu moyo. Kukaa na watoto ni msaada. Na kunyamaza ni msaada mkubwa kuliko yote: aliyekuambia siri yake amekupa amana, na tumefundishwa kwamba amsitiriye mwenziwe, Mwenyezi Mungu humsitiri naye. Ukitaka kumchangia, mchangie pasipo kutangaza sababu.

Baba wa nyumba na asiruhusu kikombe cha kutengwa. Watoto huona, na waonalo ndilo walishikalo.

Imamu asifanye mimbari kuwa mahali pa kuwahukumu wagonjwa. Wako walioambukizwa kwa kuzaliwa, na wake wasafi walioambukizwa na waume zao, na aliyekosea akatubu Mola wake ndiye amjuaye. Nabii Ayyub alipatwa na maradhi hata watu wakamwepuka, wala hayakuwa adhabu. Tena yeye ni mfano wa subira. Imamu atakayesema hivi siku ya Ijumaa moja tu, huenda mtu mmoja msikitini akapata nguvu ya kurudi kliniki.

Katika mwezi wa Ramadhani wagonjwa wengi huingiwa na shaka. Mgonjwa anayo ruhusa katika Kitabu ya kufungua na kulipa siku nyingine, au kulisha maskini ikiwa maradhi yake hayamruhusu kabisa. Lakini aliye na nguvu, ambaye dawa yake ni kidonge kimoja kwa siku, aweza kukimeza wakati wa futari au wa daku. La muhimu ni kumwuliza tabibu kabla ya mwezi kuandama, wala asijikatie shauri mwenyewe.

Nasi waalimu wa madrasa tuna sehemu yetu. Yuko mtoto akosaye darasa siku moja kila baada ya muda. Usimwulize mbele ya wenziwe alikuwa wapi. Watoto wakimwita jina la kumchoma, wakomeshe papo hapo. Na wazazi wenye mtoto aliyezaliwa na virusi wasimfiche mpaka awe mtu mzima, kwani akija kulisikia kwa mtu wa nje atawaona wazazi wake kuwa waongo. Wataalamu hushauri aambiwe kidogo kidogo, kwa kadiri ya akili yake, tangu umri wa shule.

KWA VIJANA

Enyi vijana, kujihifadhi na zinaa ni ngome yenu, na mkitaka kuoa au kuolewa pimweni nyote wawili kwa hiari kabla ya nikahi. Na rafiki yako akikuambia kwamba anavyo virusi, usikimbie. Mwulize anameza dawa saa ngapi, kisha saa hiyo mpelekee salamu. Mmeona la Kenya: neno moja lilitosha kuanzia.

Mwezi wa Januari 2025 Serikali ya Marekani, ambayo tangu mwaka 2003 ilikuwa ikigharimia sehemu kubwa ya kazi hii katika Afrika, ilisimamisha misaada yake kwa muda, na katika nchi nyingi watumishi waliokuwa wakiwatembelea wagonjwa majumbani wakaachishwa kazi. Fedha ya mbali yaweza kukatika siku moja kwa karatasi moja. Jirani hakatiki hivyo, ila akitaka mwenyewe.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu awape shifaa wagonjwa wetu, awape subira wanaowauguza, na atujaalie sisi tuwe watu ambao mwenye siri nzito hatuogopi. Amin.